Furu Saba Chini ya Shela

Ninyi wa barazani Buhare mmenichosha. Mmoja ananisimamisha nikienda kuchota maji, mwingine ananihoji huku nikimpima kiuno, na wa tatu ameshatangaza mji mzima kwamba nilikwenda Mugeta kununua ng'ombe nikarudi na ndoo ya viluwiluwi. Sikwenda kununua ng'ombe, na wale hawakuwa viluwiluwi. Naandika yote mara moja, msome kwa zamu, kisha mtu asiniulize tena. Habari za barua ya posa, nani aliiandika na ilipita mikono ya nani, naziruka. Nusu yenu mlinisaidia kuiharibu.

Bukima, jikoni kwa Bibi

Nyanjura mwenyewe alikuwa ameshanikubali tangu msimu wa mahindi. Baba yake alikuwa amelainika. Aliyebaki ni bibi yake, Bibi Nyamwenda, na katika nyumba ile akisema hapana, hakuna anayetia neno jingine. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Aliniangalia mikono kabla ya uso.

"Wewe ndio fundi cherehani?"

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kuogelea unajua?"

"Hapana, Bibi."

"Kuvua?"

"Hapana."

"Sasa hapa ziwani unafanyaga nini?"

Nikajibu kwamba naliangalia. Nyanjura akageukia ukutani kuficha kicheko. Nikamsogezea Bibi zawadi zangu, khanga na kilo mbili za sukari, na mnajua miaka michache nyuma sukari ile ingeninunulia heshima ya ukoo mzima. Bibi akaisukuma kwa kisigino.

"Sukari siku hizi iko kila duka. Babu yake huyu alikuja kunichumbia na furu kwenye vijiti. Mama yake aliletewa furu. Na wewe lete furu. Wazee wanakaa Jumapili."

Vijana wenu hawamjui furu, kwa hiyo nieleze. Ni samaki mdogo, urefu wa kidole, wengine wekundu, wengine wa buluu, wengine wa njano tumboni. Zamani watoto walimchota kwa sufuria, na mama zetu waliwachoma kwenye vijiti kama mishikaki. Kisha wakubwa wakaleta sangara ziwani, samaki mwenye mdomo wa kuingia ndoo, akawala. Waliobaki tukawamaliza wenyewe kwa makokoro, zile nyavu za kuburuta ufukweni zenye matundu ya kuzuia hata mbu.

"Mama, furu wameisha," baba yake Nyanjura alisema kwa upole.

"Wameisha kwenye ziwa ya nani?" Bibi akauliza.

Hapo ndipo nilipojua pia kwamba nina mwenzangu katika posa. Kuna wakala wa sangara, ana pikipiki na miwani ya jua, alikuwa amepita mara mbili kumsalimia Bibi. Nikifika Jumapili bila furu, Nyanjura ataniaga. Nikasimama, nikasema nitaleta. Hadi leo sijui sauti ile ilitoka wapi.

Bukima hadi Musoma, kwa mtumbwi wa mashine

Mnajua ninavyoogopa maji. Nilikaa katikati, nikashika mbao mbili, nikafumba macho. Baada ya kama saa moja mashine ikakohoa, ikazima. Nikafumbua macho nikaona tuko shambani. Majani mabichi kila upande, na maua ya zambarau juu yake.

"Magugu maji," nahodha alisema. "Ziwa imeota bustani."

Yalikuwa yamejisokota kwenye pangaboi. Nahodha akawa anayakata kwa panga, abiria wanayasukuma kwa makasia, nami nilipewa kazi ya kushika kuku wa watu. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande. Mama mmoja alitoa viazi vilivyochemshwa akatugawia, na kwa kuwa nilikuwa na kuku wawili kila mkono, alinilisha mdomoni kama mtoto. Alipouliza naenda wapi nikamwambia natafuta furu. Akaacha kunilisha.

"Baba, wewe ni mzima?"

Sokoni Mwigobero waliniuliza vilevile, tena kwa sauti zaidi. Kulikuwa na sangara warefu kama mabenchi wanapakiwa kwenye gari la barafu kwenda kiwandani, na pembeni wanawake wanakaanga mapanki, yaani kichwa na mfupa vinavyorudi baada ya kiwanda kuchukua nyama. Nilikula panki moja kwa ugali. Nilitafuna mfupa wa samaki wa ziwa letu huku nikitazama nyama yake ikiondoka na honi, na nilikasirika, sina haja ya kuficha.

Muuzaji mmoja akaniuzia furu wakavu. Nilifurahi sana. Nilipofika mwisho wa soko nikawatazama vizuri: alikuwa amekata mkia wa sangara vipandevipande na kuvichoma kwenye kijiti. Nilirudi kumtafuta, sikumwona.

Kwa hasira nikafanya jambo la kijinga. Nikaingia duka la Mhindi nikanunua kitambaa cha shela, neti nyeupe safi, mita tatu. Nilijiambia kwamba mtu mwenye shela mfukoni hawezi kunyimwa bibi harusi.

Musoma hadi Butiama, kwa mjomba

Nikamkumbuka mjomba wangu Marwa wa Butiama, aliyewahi kuchuuza samaki wakavu kwa baiskeli. Nilifika kwake kwa lori la matofali, nimekuwa mwekundu hadi kope.

Mjomba aliposikia neno furu, akafunga mlango. Akafunga na dirisha. Akapanda juu ya kitanda, akatoa ubao mmoja wa dari, akashusha boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Mnaikumbuka miaka ile ya foleni, ya sabuni nusu mche kwa kaya? Mjomba wangu hajaambiwa kwamba imeisha. Ndani ya boksi mlikuwa na sukari iliyoganda kama jiwe, betri za redio zilizovuja, sabuni za kufulia, na chini kabisa, ndani ya gazeti, vijiti sita vya furu.

"Niliwaficha," alinong'ona. "Nilijua itakuja siku."

"Mjomba, maduka yamejaa siku hizi."

"Ndivyo wanavyotaka uamini."

Nilishika kijiti kimoja kwa heshima zote. Furu wakaanguka unga. Wadudu walikuwa wamewala kutoka ndani wakaacha umbo tu, na unga wenyewe ulinuka sabuni. Mjomba alisema nikiuchanganya na nyanya Bibi hatajua. Tuliujaribu. Mchuzi ulitoa povu. Tuliula kwa aibu ya kutupa chakula, na msiniulize kilichofuata.

Asubuhi, akiwa amejishika tumbo, mjomba aligutuka. "Lakini wazima niliwaona. Mugeta, nilipokwenda kutafuta ndama. Kwenye lambo la ng'ombe, la mzee anaitwa Wambura."

Furu wazima, kwa watu wa ng'ombe. Mimi mtoto wa ziwa nikaombe samaki bara! Nikamwambia heri nife kapera. Kisha nikamwazia yule wakala na miwani yake, nikaomba ndoo.

Butiama hadi Mugeta, kupitia Bunda

Hadi Bunda nilipanda juu ya magunia ya pamba, na huo ndio usafiri mzuri kuliko wote niliowahi kupata, isipokuwa pamba hunasa. Nilishuka na ndevu nyeupe. Bunda niliambiwa gari la Mugeta linaondoka sasa hivi. Nilikaa kwenye "sasa hivi" ile tangu uji wa asubuhi hadi ugali wa mchana. Mwishowe dereva akaja, akasema gari la Mugeta liliondoka jana. Nikapata baiskeli ya kubebwa nyuma, na vilima vyote tulipanda kwa miguu, mimi nasukuma baiskeli, mwenye baiskeli amebeba ndoo.

Mugeta, lamboni

Mzee Wambura nilimkuta anakamua. Nilieleza shida yangu yote. Alisikiliza, akamaliza ng'ombe, akahamia ng'ombe mwingine, akamaliza.

"Mura," akasema, yaani kijana, "wewe ni mtu wa ziwa?"

"Ndiyo, mzee."

"Na umekuja kwangu kuomba samaki."

Akaita mke wake aje asikie. Mke akaita jirani. Nilirudia maneno yale mara nne, na kila mara walicheka mahali palepale.

Lambo lenyewe ni bwawa la kuchimbwa, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Nilichuchumaa nikasubiri. Kitu chekundu kikapita. Kisha cha buluu. Jamani, nilikaa chini kwenye kinyesi cha ng'ombe bila kujali. Nilikuwa sijawaona tangu nikiwa darasa la tatu, na nilikuwa nimesahau kwamba ni wazuri.

Mzee Wambura akanieleza. Zamani maji yale yalijaa ruba, wanaingia puani mwa ng'ombe wakinywa. Baba yake akaenda ziwani kwa baiskeli, akarudi na furu kwenye debe, akawamwaga lamboni. Wakawala ruba. Tangu hapo pale hakuna anayewavua. Wanawaita wafanyakazi. Anayetaka hata mmoja aingie kwanza risaga, kazi ya pamoja ya kutoa tope la lambo, na kwa bahati yangu ilikuwa kesho yake.

Nilitoa tope siku nzima. Watu wa Mugeta wanatoa tope wakiimba, mimi nilitoa nikiguna. Mchana tulikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na mke wa mzee alinipa bakuli la pili kwa kuwa, alivyosema, hajawahi kuona mtu akifanya kazi vibaya kwa bidii hivyo.

Jioni mzee akasema, "Haya, mtu wa ziwa. Vua."

Watu wakapanga mstari kuangalia utaalamu. Nikakunja pini ya cherehani, nikafunga uzi, nikaweka ugali. Furu wakala ugali, pini wakaniachia. Nikajaribu ndoo, nikateleza, nikaingia mzimamzima. Maji yalinifika kiunoni, lakini nilipiga kelele za mtu anayezama baharini, na bibi mmoja akanishikisha mkia wa ng'ombe, ng'ombe akanivuta nje. Hapo nikaishiwa. Nikatoa shela mfukoni. Mimi ncha mbili, mke wa mzee ncha mbili, tukaiburuta. Wakaja wengi mno, wakubwa kwa wadogo, wanarukaruka juu ya neti nyeupe, na watu wakapiga vigelegele.

Mzee Wambura hakupiga kitu. Alisogea akashika shela, akaingiza kidole kwenye matundu yake, kidole hakikupita.

"Ndivyo mlivyofanyaga kule kwenu?"

Akachagua saba, wengine akawarudisha mmoja mmoja kwa mkono.

"Baba yangu alitoa hawa kwenu. Leo wewe unatoa kwangu. Nakupa ya kuzaa, sio ya kula. Ukikula hata moja, Mugeta usirudi."

Nikaahidi. Nimeahidi nikiwa nimelowa, mbele ya kijiji kizima, huku nikijua kuna bikizee Bukima ananisubiri na sufuria.

Mugeta hadi Musoma, kwenye lori

Nilifunika ndoo kwa shela ili wasiruke. Hilo lilikuwa kosa, maana ndoo iliyofunikwa shela watu huiona ni ya harusi. Pale Bunda nilipokuwa nanunua maandazi, mzee mmoja akasogea, akafunua, akachota kikombe akidhani ni togwa. Akapiga funda kubwa. Kisha akanitazama.

"Kijana, togwa yako ina macho."

Furu mmoja alikuwa kikombeni. Tulimwokoa, lakini hakuishi, nadhani kwa mshtuko. Walibaki sita.

Mmoja wa hao sita alinitia wasiwasi. Alikuwa jike wa kijivujivu, mashavu yamevimba, hali kitu. Wenzake walipokula makombo ya andazi yeye alijibanza pembeni, amefunga mdomo kabisa. Nikaona huyu jino linamuuma.

Lori letu lilikuwa la magunia ya mahindi. Abiria tulikuwa wachache, mmoja wao katekista aliyekumbatia dumu la maji ya baraka anayoyapeleka kwenye kigango chake. Nilimwonyesha furu wangu mgonjwa. Ni mtu wa huruma sana. Aliuliza kama samaki ana meno, tukakubaliana kwamba lazima yapo, akamwombea.

Kabla ya Makutano lori likapanda kilima, likafoka mvuke. Rejeta imekauka. Dereva akazunguka nyuma, akaona ndoo yangu.

"Leta maji hiyo."

"Ina samaki."

"Toa samaki."

Nikaikumbatia ndoo. Dereva akapanda. Nikamwambia kama anataka rejeta yake ijae na mke wangu apotee, basi anibebe na mimi anitie humo. Abiria wakagawanyika. Wengine walisema mtu hawezi kulaza watu porini kwa samaki wa kidole. Mama mmoja alisema yeye alilelewa na furu hao, na anayetaka kuwagusa aanze na yeye. Dereva alijaribu kuvuta, furu mmoja akaruka akaangukia kati ya magunia, na hatukumpata tena. Walibaki watano. Nikaanza kulia. Ndiyo, nililia, juu ya mahindi, mchana kweupe.

Katekista akalitazama dumu lake kwa muda mrefu. Akashuka, akafungua mfuniko, akafanya ishara ya msalaba, akalimimina lote kwenye rejeta.

"Gari imebatizwa," alisema. "Sasa dereva, usitukane mpaka Musoma."

Dereva hakutukana. Mara mbili alifungua mdomo akakumbuka.

Bukima, Jumapili

Njia nzima, hadi kwenye mtumbwi wa kurudi Bukima, nilikuwa natunga uongo ili Bibi asiwapike. Nitasema wamegandamana na ndoo. Nitasema wana dawa. Nilipofika uani wazee walikuwa wameketi, pikipiki iko chini ya kivuli, na katikati, juu ya majani ya mgomba, sangara mkubwa kama mbuzi. Wakala alivua miwani aone ndoo yangu vizuri, akacheka. Nyanjura aliona kitu kingine.

"Magesa, hiyo si ni shela?"

Nilikuwa na tope hadi masikioni, na uongo wote ukanitoka kichwani. Nikapiga magoti mbele ya Bibi.

"Bibi, nimewaleta. Lakini nimeahidi wasiliwe. Ukiwala, nimekuwa mwongo kwa watu walionisaidia. Nikikunyima, nimekosa Nyanjura. Sijui nifanye nini."

Bibi akajitazama kama anatafuta kitu kilichopotea.

"Nani alikwambia mimi nitakula? Meno iko wapi?"

Akainama juu ya ndoo. Macho yake ni mabovu, akaingiza mkono, akaacha wamguseguse vidole. Kisha akaagiza mtungi wake wa maji ya kunywa uletwe, akawahamisha kwa kiganja, mmoja mmoja. Nikamwonya kuhusu yule wa kijivu, kwamba anaumwa jino.

"Jino?" Bibi akasema. "We fundi, we!"

Akatulia, mkono ndani ya maji. Yule furu akafungua mdomo. Vikatoka vidude vidogo kama ncha za sindano, kumi, ishirini, sikuweza kuhesabu, vikaogelea mbele ya uso wake. Wakala akainama naye aone, kivuli chake kikaangukia mtungini, na vyote vikakimbilia mdomoni mwa jike, naye akafunga.

"Anawabebaga humo," Bibi alisema. "Hali kitu mpaka wakue. Nilikuwa nimesahau." Machozi yalikuwa yanamtoka, na wazee wakatazama miguu yao. Akamgeukia wakala. "Samaki yako ni kubwa, baba. Peleka kiwandani." Kisha akawageukia wazee. "Huyu ametembea na watoto ya mwenzake kwenye ndoo siku mbili na hajui. Akipewa wake na anajua, si atawatunza? Mpeni."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ila alipokwisha kusema mpeni, aliongeza kwamba furu hawawezi kurudi ziwani kwa sangara, wala yeye hawezi kunywa maji yenye watoto mpaka anakufa. Akanionyesha mahali nyuma ya jiko.

Sasa mnajua kwa nini siku nyingi cherehani yangu imefungwa na nina malengelenge viganjani. Nachimba lambo, na harusi ni siku litakapojaa. Shela Nyanjura ameifua mara tatu, bado inanuka tope la Mugeta, na amesema ataivaa hivyohivyo. Njooni. Zawadi sitaki, leteni majembe.